Nguzo Sita za Mzee Alfonsi

Vijana wa ofisini wameniomba niwaandikie siri za kazi kabla sijazisahau. Nimewaambia kazi ya Bwana Afya haina siri. Siri zote ziko shimoni, na shimo nimelimulika kwa tochi miaka yote mpaka tukazoeana. Lakini wameng'ang'ania, na mstaafu asiyekuwa na la kufanya hutumwa kuchunga mbuzi wa mkewe, kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu.

Habari za vyeo sitaziandika. Vyeo viko kwenye faili, anayevitaka akalitafute, nami namtakia heri. Nimefanya kazi Kate kwenye baridi na Milepa kwenye joto la bondeni, na kila mahali nimeacha vyoo na marafiki. Lakini mambo ya maana nilifundishwa katika kijiji changu cha kwanza, ukingoni mwa Ufipa, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea Ilemba na bonde la Rukwa. Jina lake sitalitaja. Wenyewe wako hai, na wanajua kunicheka bila kukumbushwa.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Watu walikuwa wametoka kwenye vitongoji vyao vya zamani wakapangwa kwa mistari, nyumba ikitazamana na nyumba. Hapo ndipo wakubwa walipogundua kwamba watu waliokuwa wakijisaidia kila mmoja kwenye kichaka chake sasa wanakwenda wote kichaka kimoja. Na kichaka chenyewe, kwa anayeifahamu Ufipa, ni cha kutafuta. Huko juu ni majani, upepo na matuta ya mviringo wanayofukia nyasi ndani yake kabla ya kupanda. Mti ni mali. Kumbuka hilo.

Mimi ni mtu wa Tukuyu, nimekulia kwenye migomba na mvua. Nilifika Sumbawanga juu ya lori la Mzee Salumu, mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa akileta chumvi na vitambaa kutoka Mbeya. Tuliposhuka alinitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Koti lako ndilo hilo tu?"

"Ndilo hilo, Mzee."

Aliingia dukani akatoka na blanketi zito la kijivu. "Utanirudishia ukihamishwa," akasema. Nilipohamishwa nililirudisha kweli, akalikataa, akasema limezeeka kuliko yeye.

Mjini nilikaa wiki mbili na Mzee Sikazwe, Bwana Afya wa siku nyingi, mtu mfupi asiyependa haraka. Alinikabidhi vifaa vitatu: fimbo ya futi sita yenye alama za kupimia, tochi, na daftari lenye jalada gumu. Alinifundisha kwamba choo kikae upande wa chini wa kisima na mbali nacho, kwamba mfuniko wa shimo una kazi kubwa kuliko mlango, na kwamba sakafu ndiyo roho ya mtu, kwa hiyo nguzo za kulaza juu ya shimo ziwe za mti mgumu usiopendwa na mchwa. Halafu akanipa ushauri ambao sikuukuta kwenye kitabu chochote.

"Usikague choo cha mtu kabla hujala kwake. Ukila kwanza, atajua humdharau. Ukikagua kwanza, wewe mwenyewe hutakula."

Kijijini nilipokelewa na Balozi Oswald, kiongozi wa nyumba kumi, ambaye nyumba yangu ilikuwa miongoni mwa hizo kumi. Siku ya kwanza ya kazi nilianza na choo chake. Nilimulika shimo kwa tochi, kama nilivyofundishwa, nikiwa nimeinama kwa muda. Nilipoinuka nilimkuta mkewe mlangoni na uso wa huruma.

"Umeangusha nini humo, Bwana Afya? Tukutafutie kijiti?"

Kufikia jioni kijiji kizima kilijua kwamba mgeni kutoka Tukuyu amepoteza kitu cha thamani chooni kwa Balozi. Kwa mwezi mzima watu waliniuliza kama nimekipata.

Sasa niseme jambo ambalo katika miaka yangu yote ya utumishi sikuliandika kwenye taarifa yoyote. Nyumba niliyopewa haikuwa na choo. Ilikuwa nyumba nzuri, ukuta wa matofali mabichi, paa la nyasi nene, na nyuma yake uwanja mtupu. Wiki ya kwanza nilisema nitachimba wiki ya pili. Wiki ya pili nilikuwa na mikutano. Baada ya hapo kila wiki ilikuwa na sababu yake, na zote zilikuwa nzuri.

Jirani yangu, mlango kwa mlango, alikuwa Bibi Gaudensia, mjane aliyekuwa na watoto watatu, wote wameolewa mbali. Alikuwa na choo safi kuliko vyote kijijini, chenye mfuniko wa mbao na majivu pembeni. Kila asubuhi nilivaa koti, nikachukua daftari na tochi, nikavuka kwenda kwake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kukagua?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kagua tu. Jana nilikiona kizima, lakini huwezi kujua."

Nafikiri hakuna choo katika nchi hii kilichokaguliwa kama kile. Wakati wa kurudi nilikuta bakuli la uji wa ulezi limewekwa kwenye kizingiti changu, limefunikwa kwa sahani. Hakuwahi kusema neno, wala mimi sikusema. Mchana nilipita nyumba kwa nyumba nikiwahimiza watu kwamba kila kaya lazima iwe na choo chake.

Aliyenisumbua kuliko wote alikuwa Mzee Alfonsi, mwisho wa mstari wetu. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye mke aliyepoteza macho miaka kadhaa kabla, Mama Veronika. Choo hakuwa nacho. Alikuwa amechimba mara mbili na mara mbili akakuta mwamba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuona shimo au mawe?"

"Shimo, Mzee."

"Basi leo tuna mawe."

Nilimwandikia ilani ya kwanza, kisha ya pili. Wakati ule nilikuwa na umri wa kuamini kwamba mwamba unasoma karatasi. Nilichokiona kwake cha kutia moyo ni nguzo sita za mti mgumu, zimepangwa chini ya upenu. Alikuwa amezifuata mteremkoni, kwenye msitu wa kuelekea Ilemba, akazipandisha begani mbili mbili yeye na mkwewe. Nikaandika kwenye daftari: "Nguzo sita zipo tayari. Anachelewesha kuchimba."

Kila alfajiri niliwaona kupitia dirishani. Alfonsi alishika ncha moja ya fimbo, Veronika ncha nyingine, wakipita katikati ya matuta kwenda mbali kujisaidia, na mwezi wa sita upepo wa Ufipa hauna adabu hata kwa wazee. Hilo nalo niliandika: "Ni hatari kwa afya." Nilikuwa na mwandiko mzuri sana.

Mwezi wa saba wa kukaa kwangu, siku ya Jumanne, lori lilileta barua kutoka mjini. Mkaguzi kutoka mkoani angefika Ijumaa. Angekagua kijiji, na barua ilisema waziwazi kwamba angeanza na nyumba ya mtumishi mwenyewe, ili awe mfano.

Niliisoma barua mara tatu, kisha nikaazima jembe na sururu kwa Balozi Oswald bila kumweleza. Jumatano asubuhi nilianza kuchimba nyuma ya nyumba. Kufikia saa nne viganja vilikuwa vimetoka malengelenge na shimo lilinifika magotini. Nilikuwa nimekaa ukingoni nikipuliza mikono Bibi Gaudensia alipopita na ndoo ya maji kichwani. Alisimama akalitazama shimo.

"Unapanda mgomba?" akaniuliza kwa upole. "Huku haustawi, mwanangu. Baridi."

Nilimweleza. Sikuwa na namna nyingine. Nilimweleza habari ya barua, na kwamba huenda nikafukuzwa kazi niliyoianza juzi, na mama yangu kule Tukuyu alikuwa ameshawatangazia watu kanisani kwamba mwanawe ni mtu wa serikali. Alisikiliza yote bila kuitua ndoo. Kisha akasema, "Pumzisha mikono," akaondoka.

Haikupita saa moja akafika Balozi Oswald na wanaume watano wenye majembe. Hawakuniuliza kitu. Mmoja aliingia shimoni, akapima kwa jicho, akanyoosha kingo ambazo mimi nilikuwa nimezipinda. Kazi ilikwenda kwa zamu, na maneno nayo yalikwenda kwa zamu.

"Choo kiwe mbali na nyumba hatua ngapi, Bwana Afya?"

"Thelathini," nikajibu.

"Na mwenye nyumba akikosa choo, hufanywaje?"

"Huandikiwa ilani."

"Basi nipeni karatasi," akasema Balozi. "Mimi ndiye kiongozi wake, na mwandiko wangu si mbaya."

Walicheka hadi aliyekuwa shimoni akashindwa kuinua jembe. Mimi nilibeba udongo kwa karai, kwani ndiyo kazi pekee waliyoniona ninaiweza. Alhamisi mchana shimo lilikuwa limefika futi kumi. Nilikuwa nimetumwa kuchota maji ya kukandia udongo, na niliporudi nilikuta nguzo zimeshalazwa juu ya shimo, zimenyooka na zinalingana.

"Zimetoka wapi?" nikauliza.

"Zimepatikana," akasema Balozi.

Mtu mwenye shida haulizi zaidi ya hapo. Walipanga fito, wakakandika, wakazungushia ukuta wa mabua, wakaezeka. Bibi Gaudensia alileta mfuniko wa mbao. Sikuuliza wa kwake uko wapi. Siku ile kulikuwa na mengi sana niliyochagua kutoyauliza.

Ijumaa Mkaguzi alifika na gari lenye vumbi, mtu wa makamo, shati limenyooshwa, sauti ya chini. Alikikagua choo changu kwa muda mrefu. Aligonga sakafu kwa kisigino. "Kazi nzuri, Ndugu," akasema, nami nikashukuru, na nyuma yangu mtu akakohoa. Tukapita nyumba kwa nyumba, Mkaguzi na daftari langu mkononi, kundi la watu likitufuata kama linafuata harusi. Tukafika kwa Mzee Alfonsi. Mama Veronika alikuwa amekaa juani kwenye kigoda, anapembua maharage kwa vidole.

"Hapa hakuna choo," akasema Mkaguzi.

"Hakuna," akasema Alfonsi.

"Daftari linasema una nguzo sita tayari. Ziko wapi?"

"Zimeliwa na mchwa."

Mkaguzi alifungua ukurasa. "Zimeandikwa wiki mbili zilizopita. Zote sita?"

"Mchwa wa huku wana njaa, Bwana."

Nikatazama chini ya upenu. Palikuwa na alama sita kwenye vumbi, ndefu, zimelala sambamba. Hakukuwa na mchwa hata mmoja. Veronika akaacha kupembua.

"Huyu mzee ana ilani mbili, na sasa anatudanganya," akasema Mkaguzi, akinirudishia daftari na kalamu. "Andika jina lake apelekwe baraza la kata."

Nilishika ile kalamu. Ningependa kuwaandikia vijana kwamba sikusita. Nilisita. Nilifikiria kazi, nikamfikiria mama yangu na watu wa kanisani, na nikaona kwamba Alfonsi ananitazama na kutikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemzuia mtoto asiseme mbele ya wageni. Alikuwa tayari kwenda barazani. Hilo ndilo lililonishinda.

"Bwana," nikasema, "mchwa ni mimi. Nguzo ziko kwangu. Choo ulichokisifu kimekwisha jana, na wamekichimba hawa. Kwa miezi saba sikuwa na choo."

Mkaguzi alinitazama kwa kitambo. "Miezi saba. Na ulikuwa unakwenda wapi?"

Macho yote yaligeuka polepole kumwelekea Bibi Gaudensia. Alijitanda khanga vizuri.

"Alikuwa anakuja kwangu kukagua," akasema. "Kila siku. Sijaona mtumishi mwenye bidii kama huyu."

Mama Veronika ndiye aliyeanza kucheka, kisha Balozi, kisha watu wote. Mkaguzi aligeuka akatazama upande wa mashamba, mabega yake yakitikisika kidogo. Aliporudi alikuwa ameukaza uso.

"Barua ya onyo utaipata," akaniambia. "Na mzee huyu atakuwa na choo kabla ya mvua. Utakichimba wewe, na asikusaidie mtu." Kisha akamuuliza Bibi Gaudensia kama kuna chochote cha kula kabla hajakwenda kukiona choo hicho, nikatambua kwamba hata yeye alipitia mikononi mwa Mzee Sikazwe.

Nilianza Jumatatu. Shimo la kwanza lilifika kwenye mwamba asubuhi ile ile. La pili lilifika siku iliyofuata. Alfonsi alileta kiti, akakaa ananitazama, na nilielewa kwamba ananipa nafasi ya kuusoma mwamba kwa macho yangu mwenyewe. Siku ya tatu Mama Veronika alitoka ndani akija kwetu na fimbo yake.

"Bwana Afya, umegonga jiwe tangu juzi. Mbona huulizi?"

"Nimuulize nani, Mama?"

"Mimi. Hapo uliposimama fimbo yangu inalia. Twende huku."

Alitutangulia kupita ghala la ulezi, akagonga, akasogea, akagonga tena. "Hapa inanyamaza," akasema. "Chimbeni."

Alfonsi aliinuka kwenye kiti. "Kwa nini hukuniambia siku zote?"

"Nilikwambia. Ukasema asiyeona haonyeshi njia."

Alfonsi alikwenda akachukua jembe, akaanza kuchimba pale, nami sikuwa na ujasiri wa kumkumbusha amri ya Mkaguzi. Udongo ulikuwa mwekundu, laini, unakatika kama ugali uliopoa. Mchana Balozi Oswald alifika na wenzake.

"Tumekatazwa kukusaidia," akasema.

"Ndiyo."

"Basi tutamsaidia Alfonsi. Wewe kaa pembeni utusomee kanuni."

Lakini nguzo nilizifuata mwenyewe, pamoja na Alfonsi na mkwewe. Tuliteremka kuelekea Ilemba siku moja, tukapanda siku ya pili. Wao walibeba mbili mbili. Mimi nilibeba moja, na ile moja ilinitosha kuelewa mengi. Tulipopumzika katikati ya mteremko, bonde lote la Rukwa likiwa chini yetu, nilimuuliza Alfonsi kwa nini alinipa zake, naye ana mke anayekwenda kwenye upepo kila alfajiri.

"Wewe ukifukuzwa wangetuletea mwingine," akasema. "Wewe tumeshakuzoea. Unatisha kwa karatasi tu."

Alijifuta jasho. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Na Gaudensia aliniambia, usiku akiona taa yako anajua kuna mtu. Nyumba ingebaki tupu. Veronika ndiye aliyesema zichukuliwe. Mimi nilizibeba tu."

Tukajitwika, tukaendelea kupanda. Kwa saa nzima sikuwa na pumzi ya kusema.

Choo kilikamilika kabla ya mvua za kwanza. Siku ya kukifungua, majirani walikuja na ugali wa ulezi na samaki wakavu wa bondeni. Alfonsi alikuwa amesokota kamba ya katani, akaifunga kutoka kwenye mhimili wa mlango wa nyumba hadi kwenye mlango wa choo, usawa wa kiuno cha mkewe, ameikaza kama waya wa simu. Nilikuwa sijawahi kuona jambo hilo katika kanuni zetu. Baadaye niliwafundisha wengine.

Mama Veronika alisimama mlangoni, akaipapasa kamba. Alfonsi akamnyooshea ncha ya fimbo kama kawaida yake, lakini mkewe hakuishika. Aliweka mkono kwenye kamba akaanza kutembea peke yake, polepole, akipita ghala, na sisi sote tukasimama na vyakula vyetu mikononi. Mlango ukafungwa. Baada ya muda ukafunguliwa, akarudi vilevile, hatua kwa hatua, kichwa juu.

Alfonsi alikuwa bado amesimama pale pale na fimbo yake. Miaka yote ile alfajiri yake ilikuwa na kazi moja.

"Sasa mimi asubuhi nitafanya nini?" akauliza, na hakuwa anatania.

Veronika alikaa kwenye kigoda chake, akajifunika magoti kwa khanga.

"Utabandika uji," akasema. "Nami nikirudi niukute."

Kesho yake alfajiri nilitazama dirishani. Kwenye matuta hapakuwa na mtu. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa Alfonsi, mwingi kupita kiasi, kama wa mtu asiyejua kuwasha kuni.